Mtaala Uliorudishwa kwa Kukosa Kasoro

Nimestaafu mara mbili. Mara ya kwanza niliacha ualimu wa shule ya msingi, nikabaki nyumbani Shinyanga nalima na kumtumikia Mungu parokiani kama katekista. Mara ya pili niliacha kufundisha chuo kikuu. Huko kustaafu kwa pili ndiko ninakotaka kukusimulia, kwa kuwa kulitokana na kosa langu mwenyewe, na sijawahi kumshukuru Mungu kwa kosa kama ninavyomshukuru kwa hilo.

Chuo chetu ni kidogo. Ukitoka mjini kwa bajaji unakifikia kabla hujamaliza makumi mawili ya rozari. Kina madarasa manane, kanisa dogo, na maktaba ambayo zamani ilikuwa ghala la pamba, hata leo siku za joto utasikia harufu ya mbegu ukutani. Wanafunzi wengi ni watoto wa wakulima na wafugaji wa vijiji vya hapa, na wengine wanatoka upande wa machimbo, Bulyanhulu na Geita. Nilisoma seminari miaka mingi kabla sijaoa, na uzeeni nikapata shahada ya teolojia kwa kusoma nikiwa nyumbani, hivyo chuo kilipoanza waliniomba nifundishe somo la maadili, saa mbili kwa wiki. Nikalifundisha miaka mingi kwa daftari moja. Wanafunzi waliniita Babu.

Kisha yakaja mageuzi. Serikali iliagiza vyuo vikuu vyote vipitie upya mitaala, ili mhitimu ajue kufanya kazi na si kujibu mtihani tu. Agizo lilikuwa jema, nami nililipokea kwa furaha. Kila kozi ilitakiwa kwanza iwaulize wadau, yaani wale watakaowaajiri wahitimu au kuishi nao, wataje mapungufu waliyoyaona. Halafu mtaala mpya uandikwe kuyaziba mapungufu hayo, utumwe kwa mtandao, wakaguzi wausome. Kozi ambayo mtaala wake haungepita isingepokea wanafunzi wapya.

Kwetu kazi hiyo ilimwangukia mwalimu mmoja wa kike, mratibu wa kozi ya maendeleo ya jamii. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwenye umri wa binti yangu wa pili, mwembamba, mwepesi wa kutembea na mgumu wa kukata tamaa. Kozi ile aliilea kama mtoto. Aliwahi kuniambia kinachomnyima usingizi si barua za wakubwa, ni wale wasichana wa vijiji vya machimbo. Wazazi wao waliwaruhusu kusoma kwa sababu chuo kiko karibu na Jumamosi binti anaweza kurudi nyumbani. Kozi ikifungwa, wataambiwa waende vyuo vya mbali, na wengi wao, alisema, wataishia jikoni kwa mama zao.

Aliniomba nimsaidie kuandaa siku ya wadau, kwa kuwa mimi ni mwenyeji na yeye ni mgeni. Ratiba yake ilikuwa safi: watu wafike, wajaze dodoso, wajadiliane, kisha wale chakula cha mchana waondoke. Niliisoma nikaona imekosa adabu.

"Mwanangu," nikamwambia, "mtu ametoka Bulyanhulu kabla jua halijachomoza. Humkabidhi karatasi kabla hujamkabidhi sahani."

"Baba, wakishiba watasinzia."

"Hawatasinzia. Watafurahi."

Na kweli walifurahi. Saa tatu asubuhi walikunywa chai kwa michembe ya viazi vitamu na karanga. Saa nne tukawapa pilau, na ugali kwa wale ambao wali kwao si chakula, na maziwa ya mgando. Ng'ombe alichinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale kwa amani. Mimi ndiye niliyekibariki chakula, na sala yangu, kama wajukuu wangu wanavyosema, haikuwa fupi. Watu walikula, wakaulizana habari za mvua na za misiba, wakanawa mikono. Ndipo tukawagawia madodoso. Waliyajaza upesi, wakatushukuru, wakaondoka na baraka tele.

Jioni ile tulisoma majibu pamoja. Swali lilikuwa: mapungufu ya wahitimu wetu ni yapi? Mmoja aliandika, hakuna. Mwingine, wako vizuri sana. Mwingine aliandika kwa herufi kubwa kwamba Mungu atubariki tuendelee hivyo hivyo. Kulikuwa na mmoja aliyejaza nafasi ile kwa kusifu maziwa. Mratibu alisoma huku akitabasamu, nami nikatabasamu zaidi, nikiona kazi ya miaka yangu imesifiwa na watu wangu. Aliandika ripoti, akaambatisha mtaala, akautuma.

Jibu lilikuja mwezi wa nane. Aliniita ofisini akaigeuza tarakilishi yake nilisome. Wakaguzi walikuwa wameandika maneno machache: wadau wote wanasema hakuna kasoro, kama hakuna kasoro, mtaala mpya ni wa nini? Rudieni kazi, mlete kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu mpole, lakini naye alikuwa na mambo yake ya kujibu. Alimwambia mratibu waziwazi kwamba tukirudishiwa tena, hataomba nafasi ya tatu, ataiondoa kozi ile kwenye orodha. Mratibu alitoka kwake akaja kuketi nami kwenye benchi la kanisani. Hakulia. Alisema tu kwamba pengine watu hawakulielewa dodoso, na kwamba ataandaa mkutano mwingine, wenye maswali mepesi. Nilimwomba asubiri kidogo. Nilisema mimi nitakwenda kwanza kijijini Didia, kumwona mdau mmoja ambaye ni rika langu, nimuulize kwa utaratibu ni wapi palimshinda. Akasema tutakwenda wote.

Tulifika asubuhi kwa bodaboda mbili. Mwenyeji wetu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na zizi, anasuka kamba. Aliniona kutoka mbali.

"Wewe bado hujafa?"

"Nakusubiri wewe mkubwa utangulie."

"Mkubwa ni wewe. Mimi nilikukuta shuleni unalia."

Tukasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka na habari zote zinazofuata, mpaka mratibu akabadilisha mguu mara tatu. Kisha tukakaribishwa ndani, na mke wake akaleta ugali wa mtama, mlenda na kuku. Mratibu alinitazama kwa jicho la kuuliza, maana tulikuwa tumekunywa chai mjini. Nikamwashiria anawe. Tulikula. Sahani zilipoondolewa nilieleza yaliyotupata: dodoso, jibu la wakaguzi, hatari ya kozi kufungwa. Nikamuuliza kama kuna swali ambalo hakulielewa.

Akacheka mpaka akakohoa.

"Mlitulisha ng'ombe mzima, halafu mkatupa karatasi tuwatukane. Wewe ni Msukuma wa wapi?"

Nilihisi uso wangu unawaka. Mambo yale niliyajua tangu utotoni. Kwetu mtu aliyekula kwako hakwambii, siku hiyo hiyo na ndani ya nyumba yako, kwamba paa lako linavuja. Akikwambia, ameitapika heshima uliyompa. Lakini mwenye nyumba anaweza kumwambia mgeni lolote, mradi amemlisha kwanza. Mimi niliyezeeka katika desturi hiyo ndiye niliyepanga chakula kianze. Na zaidi ya hapo, nimewaandaa watu kwa kitubio miaka na miaka. Nilijua vizuri kuliko mratibu kwamba ukweli mgumu una mahali pake pa kusemwa, na mahali hapo si mezani kwa mwenyeji.

"Sasa mmekula kwangu," alisema rika langu akikivuta kigoda karibu. "Andika, mama."

Mratibu akafungua daftari lake.

Mzee alisema mwaka juzi alipelekewa mwanafunzi wetu wa mazoezi. Kijana mzuri, nguo safi. Akaitisha kikao, wakaja majirani na wakwe zake wawili. Mbele ya watu wote hao kijana akamuuliza ana ng'ombe wangapi, jambo ambalo kwetu halitajwi hadharani, akashika kalamu akisubiri. Hapa mzee alitikisa kichwa, kama bado haamini.

"Mbele ya wakwe," alisema mke wake kutoka mlangoni.

"Mbele ya wakwe. Nikamwambia kumi na wawili. Kondoo nikasema ni wa jirani. Jirani naye alipoulizwa akasema kondoo ni wangu."

Sikucheka, kwa sababu ripoti ile niliikumbuka. Ilipewa alama ya juu. Mimi mwenyewe niliisifu mbele ya darasa kwa kuwa ilijaa tarakimu. Bado ipo maktabani, na humo kijiji kizima kimefilisika mifugo.

Mratibu akamuuliza kwa sauti ya chini kama alimwonya yule kijana. Mzee akasema ndiyo, walipobaki wawili alimwambia haiulizwi hivyo. Kijana akamjibu kwa upole kwamba mwalimu wake wa maadili amewafundisha kuwa mtu mwema huuliza waziwazi na hujibu waziwazi, bila kuficha. Akasema mwalimu huyo ni mzee wa kanisa.

Rika langu alinitazama bila hasira yoyote. "Nikajua ni wewe," alisema. "Nikaona bora ninyamaze. Na siku ile ukatubariki kwa sala ndefu namna ile, nikazidi kunyamaza."

Tulirudi mjini. Pale kituoni mratibu alishuka, akaifuta miwani yake, akasema basi hatuandai mkutano. Tutawafuata mmoja mmoja, kwao, na tutakula tutakachopewa. Nikamwambia nina tumbo la uzee lakini nitajitahidi.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi ya serikali majuma sita. Mjini tulikwenda kwa mfanyabiashara wa pembejeo na mbegu za pamba, ambaye babu yake alitoka Bara Hindi akafungua duka kwenye mtaa ule ule. Alitupa chai ya maziwa yenye iliki na sambusa, na hakuanza kusema mpaka tulipomaliza sahani ya pili. Anazungumza Kisukuma vizuri kuliko mratibu, na alimtania kwa hilo. Alisema wahitimu wetu wanajua kuandika andiko la mradi kurasa arobaini, ila barua moja ya Kiswahili ya kuwaita wakulima kuchukua mbegu inawashinda. Kuna mmoja alimuuliza amehamia nchini lini. "Nikamtuma makaburini akamsalimie babu," alisema, kisha akaagiza tuongezwe chai.

Upande wa Bulyanhulu tulikwenda kwa mama mmoja, kiongozi wa kikundi cha wanawake wanaoosha mchanga wa dhahabu. Kazi yao iko mwaloni, pale ambapo mawe yaliyosagwa na karasha huletwa yaoshwe kwenye mbao zilizotandikwa magunia. Kelele za karasha zilikuwa kubwa hata tukahamia nyuma ya kibanda chake, akatupakulia wali na dagaa. Tulikula, akaketi, akajifuta mikono kwa kanga.

Alisema kila mwaka wanakuja wanafunzi wawili au watatu. Wanauliza habari za maji, za zebaki, za watoto waliokatisha shule. Wanawake wanajibu huku wanaosha, kwa sababu kazi haisimami. Wengine wanajibu mpaka wanalia. Mwanafunzi anafunga daftari, anashukuru, anaondoka, na hawamwoni tena, wala alichoandika.

"Wewe umezaa?" alimuuliza mratibu.

"Wawili."

"Ungejifungua, halafu mkunga aondoke na mtoto asikuonyeshe?"

Mratibu aliinamia daftari lake. Yule mama akampiga begani kidogo, akamwambia aongeze wali, bado upo. Baadaye, tukiwa tunaondoka, alituambia ana binti kidato cha sita, na anataka aje kwetu, kwa hiyo tusije tukafunga mlango kabla hajafika. Alilisema kama mzaha. Mratibu alilibeba njia nzima.

Ripoti ya pili haikuwa na sifa hata moja. Ilikuwa na kurasa nyingi za mapungufu, kila moja limeandikwa kwa maneno ya mtu aliyelisema. Mratibu alinipa nikipitie Kiswahili chake kabla ya kuituma. Nikaisoma nyumbani mchana, na mke wangu akiwa anapembua choroko. Mambo ya barua yalikuwemo, ya kutorudisha matokeo yalikuwemo, hata lile swali la ng'ombe mbele ya wakwe. Lakini chanzo cha swali lile hakikuwemo. Somo la maadili halikutajwa mahali popote, na kwenye mtaala mpya lilikuwa limesimama vile vile, saa mbili kwa wiki.

Nilimfuata ofisini siku ya pili yake.

"Umeacha jambo moja la Didia."

Alijua ninachosema. Alishika kalamu, akaiweka. "Baba, siwezi kuandika hilo juu yako."

"Hukulisema wewe."

"Wewe ndiye uliyenipokea hapa. Nimekula kwako Jumapili ngapi? Nitawezaje?"

Nikaelewa kwamba ugonjwa wa siku ya wadau ulikuwa umetuingia hata sisi wawili. Nikamwambia basi nitaandika mwenyewe, maana mimi sikujilisha. Nikaketi mezani kwake, nikaandika kwamba somo la maadili linamfundisha mwanafunzi ukweli bila kumfundisha staha ya kuutafuta, kwamba linafundishwa ndani ya darasa tu, kwa daftari la zamani, na kwamba limewafanya vijana wema wawaaibishe wazee wema. Nikapendekeza liondolewe, na mahali pake liwekwe somo la kukaa na jamii, ambalo mwanafunzi atalisomea kijijini, aanze kwa kusikiliza na amalizie kwa kurudisha alichoandika. Sikuona uchungu kama nilivyotazamia. Nilipomaliza, mratibu aliisoma aya ile mara mbili, akaongeza koma, akaituma.

Tulingoja kipindi chote cha Majilio, na nadhani sijawahi kuyaishi Majilio vizuri hivyo. Kila asubuhi alikuwa akifungua mtandao, na kila nilipopita mlangoni pake alitikisa kichwa. Juma moja kabla ya Noeli hakutikisa. Aliinuka, akanipigia goti la kuniamkia kama binti wa Kisukuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akasoma kwa sauti. Mtaala umepita. Kozi iendelee kupokea wanafunzi. Wakaguzi waliipongeza ripoti kwa ukweli wake, na walilikubali somo jipya kwa sharti moja: lifundishwe na mwalimu mwenye shahada ya uzamili ya fani ile.

Alipofika hapo aliacha kusoma. Mimi sina uzamili, na kwa umri wangu sitautafuta. Nikamwuliza yeye anao? Akasema ndiyo. Nikamwambia basi ni lake, ila Kisukuma chake kinatia aibu. Kuanzia Januari tuliketi Jumanne na Alhamisi, nikimfundisha salamu na jinsi ya kuingia kwenye boma la mtu, na yeye akiniandikia maelezo ya somo kwa namna wakaguzi wanavyotaka. Alikuwa mwanafunzi mbishi. Nilimpenda kwa hilo.

Mwezi wa kumi wanafunzi wapya walipofika, nilikwenda chuoni bila kuwa na kazi yoyote. Nilisimama karibu na geti nikiwaelekeza watu mahali pa kuandikishwa. Walikuja kwa bodaboda na kwa magari ya abiria, na masanduku ya bati na magodoro yaliyofungwa kamba. Mmoja alikuwa msichana kutoka kijiji cha machimbo ng'ambo ya Geita, ameletwa na baba yake, mtu mkimya mwenye vumbi jekundu kwenye kope. Baba aliniamkia, nikaitikia, akaniuliza mimi ninafundisha nini hapa.

"Nilikuwa nafundisha maadili. Sasa sifundishi."

"Walikuondoa?"

"Nilijiondoa."

Akafikiri. Akamtazama binti yake aliyekuwa ameinama anafungua kamba za godoro, kisha akasogea karibu nami ili asisikike.

"Mzee, niambie kweli. Hapa watamfundisha?"

"Watamfundisha," nikasema. "Kozi ni mpya, itakuwa na makosa mwaka huu. Ukiyaona, utuambie. Au tutakuja kwako tukuulize."

"Mtakuja mpaka kule?"

"Mwalimu wake atakuja. Hupenda dagaa."

Hapo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu wafike. Alimshika binti yake bega, akamwambia maneno mawili matatu ya Kisumbwa ambayo sikuyasikia vizuri, akapanda pikipiki yake. Binti alibaki amesimama kando ya sanduku, anaitazama barabara. Nilimwacha atazame kiasi alichotaka. Kisha nikashika upande mmoja wa sanduku, yeye akashika wa pili, tukaenda taratibu kwenye foleni ya uandikishaji.